Mguu mmoja, vipimo viwili: jinsi ya kupima miguu na kulinganisha njia zenyewe

Siku moja karakanani niliwapa vijana wawili wanaojifunza kazi mguu mmoja wa kupima: mguu wa kulia wa mteja yule yule, saa ile ile, sakafu ile ile. Wa kwanza akaandika milimita 258. Wa pili akaandika 266. Hakuna aliyekosea kusoma rula. Mmoja alimketisha mteja akasukuma boksi hadi kwenye vidole, mwingine alimsimamisha akazungusha penseli kwenye karatasi. Tofauti ya milimita 8 inazidi saizi nzima ya kiatu kwa hesabu ya Ulaya, na atakayeibeba tofauti hiyo ni mteja, kila asubuhi anapofunga kamba.

Tangu hapo sipokei namba ya mguu iliyokuja peke yake. Lazima nijue imepatikanaje. Haya ninayoandika yatamfaa anayenunua viatu bila kuvijaribu, fundi anayeshona, mzazi anayefuatilia mguu wa mtoto, hata mwanafunzi anayekusanya vipimo kwa utafiti. Kwa urefu naanza na njia ninayoiamini kuliko nyingine, kisha nazipima nyingine kwa kuziweka kando yake.

Hatua ya 1: Jua unachokipima

Urefu wa mguu ni umbali kutoka sehemu ya kisigino iliyo nyuma kabisa hadi ncha ya kidole kirefu kuliko vyote. Kirefu kuliko vyote, si lazima kidole gumba. Watu wengi kidole chao cha pili ndicho kinachotangulia, na ukimpima mtu kama huyo hadi kwenye kidole gumba umemkata mguu kabla hujaanza kazi. Umbali huo unapimwa sambamba na mhimili wa mguu, yaani mstari unaotoka katikati ya kisigino kwenda mbele kuelekea kidole cha pili. Usipime kwa mshazari kutoka kona hadi kona.

Kuna urefu wa pili ambao wengi hawaujui: kutoka kisigino hadi fundo la kidole gumba, lile fupa linalojitokeza upande wa ndani pale mguu unapokunjika ukitembea. Watu wawili wenye urefu sawa kabisa wanaweza kutofautiana hapa, mmoja ana vidole virefu na fundo lake liko nyuma, mwingine ana vidole vifupi na fundo liko mbele. Kiatu kina mahali pake pa kukunjika. Kikikunjika mahali ambapo mguu haukunjiki, kitauma hata kama urefu umelingana milimita kwa milimita.

Kisha kuna upana, mzunguko wa mbele unaopita kwenye mafundo, mzunguko wa mgongo wa mguu, na kimo cha tao la unyayo. Ukinunua kiatu cha kawaida, urefu na upana vinatosha. Kwa mtoto anayekua, urefu peke yake utakueleza mengi. Anayeshona kiatu cha kufunika mguu anahitaji vyote, maana kalibu, yaani umbo la mguu ambalo kiatu hushonewa juu yake, haichongwi kwa namba moja.

Hatua ya 2: Andaa mguu kabla ya kushika kifaa

Makosa mengi yanaingia hapa, kabla rula haijatoka mfukoni. Mtu akisimama, uzito unaukandamiza mguu: tao linashuka, mguu unarefuka milimita kadhaa na kutanuka. Akiketi unarudi. Kwa hiyo mtu asimame wima, uzito ukigawanyika sawa kwenye miguu yote miwili. Asisimame kwa mguu mmoja, maana hapo mguu unapokea mzigo wote na utatanuka kupita kiasi.

Tazama macho yake pia. Anayepimwa hupenda kuinama aone unachofanya, na akiinama tu uzito unahamia mbele, vidole vinang'ang'ania sakafu. Mimi husema: "Mama, tazama ukutani mbele yako, mimi nitakuonyesha namba nikimaliza." Watoto wana lao. Hukunja vidole mara kitu kinapovigusa. Papasa mgongo wa mguu taratibu, msemeshe, ngoja vidole vilale, ndipo upime.

Pima jioni au baada ya mtu kushinda kwa miguu, kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Kama lazima upime asubuhi, andika kwamba ni asubuhi, na usije ukalinganisha na kipimo cha jioni. Soksi iwe ile atakayovaa na kiatu, au pasiwe na soksi kabisa. Kucha ziwe zimekatwa.

Halafu pima miguu yote miwili. Miguu ya mtu mmoja hailingani kabisa, na kiatu hufuata mkubwa.

Hatua ya 3: Ukuta na boksi

Hii ndiyo njia yangu ya msingi kwa urefu, na vifaa vyake viko katika kila nyumba: ukuta ulionyooka, karatasi, boksi gumu lenye kona kamili au skwea ya seremala, na rula.

Bandika karatasi sakafuni kwa gundi ya utepe, ukingo wake ukigusa ukuta. Kama ukuta una ubao wa chini unaojitokeza, tafuta ukuta mwingine au tumia ubavu wa kabati zito. Kisigino kiguse ukuta bila kuusukuma. Anayesukuma anajibana nyama ya kisigino na kujifupisha. Mguu uelekee mbele moja kwa moja, mhimili wake ukikutana na ukuta kwa pembe mraba. Sasa telezesha boksi kutoka mbele, upande wake mmoja ukilala sakafuni, hadi liguse kidole kirefu. Liguse tu, lisikisukume. Chora mstari mwembamba chini ya boksi, mtoe mtu kwenye karatasi, pima kutoka ukingo wa ukuta hadi mstari.

Ujanja wa njia hii ni kwamba boksi lina uso wima. Kisigino ni mviringo na sehemu yake ya nyuma kabisa haigusi sakafu, imening'inia juu kidogo. Ukuta unaikamata pale pale ilipo. Boksi nalo linaikamata ncha ya kidole hata kama kidole kimeinuka. Mkono wako hauna nafasi ya kuamua chochote.

Angalia rula yako. Rula nyingi hazianzi sifuri kwenye ukingo. Kuna milimita chache za plastiki tupu kabla ya mstari wa kwanza. Ukiibana rula ukutani na kusoma namba, umepunguza mguu kwa kiasi hicho kila mara, na kwa sababu kosa linajirudia lile lile, hutalishtukia kamwe. Pima kwenye karatasi baada ya kuitoa. Na kama unatumia rula ya karatasi iliyochapishwa kutoka kwenye kompyuta, iweke kwanza kando ya rula halisi uhakikishe kwamba milimita 100 ni 100 kweli, kwa maana printa hupenda kupunguza ukurasa ili uingie ndani ya kingo zake.

Hatua ya 4: Penseli

Njia ya kuchora mguu kwa penseli inajulikana kila mahali, na kwa umbo la unyayo haina mpinzani wa bei yake. Kwa urefu ni mwongo mpole, na inafaa kuelewa uongo wake unatoka wapi.

Penseli ya kawaida ina unene wa kama milimita 7. Ukiishika wima ikigusa mguu, risasi yake iko katikati ya mti, yaani milimita 3.5 nje ya ngozi. Mstari unaochora kisiginoni uko 3.5 nje, na ule wa vidoleni uko 3.5 nje. Jumla milimita 7. Saizi moja ya Ulaya ni theluthi mbili za sentimita, yaani milimita 6.67. Penseli peke yake, bila kosa lolote la mkono, imeongeza saizi nzima, na upana nao umeongezeka kwa 7 zile zile.

Wengine huilaza penseli ili ncha iingie chini ya mguu. Hapo kosa linageuka upande. Tuseme sehemu ya kisigino inayotokeza nyuma iko milimita 20 juu ya sakafu. Ukiinamisha penseli digrii 10 tu, ncha yake inaingia ndani kwa kama milimita 3.5, na lile kosa la kwanza linafutika. Ukiinamisha digrii 20, unaanza kumfupisha mtu. Hakuna mkono unaoshika pembe moja kuzunguka mguu mzima, na hakuna mikono miwili inayofanana. Ndiyo maana njia hii inatoa majibu tofauti kwa wapimaji tofauti hata kama wote ni waangalifu.

Dawa yake ni rahisi. Pasua penseli katikati kwa urefu wake ili iwe na upande bapa, risasi ikiwa kwenye upande huo, kisha uburuze ule upande bapa ukigusa mguu, wima wakati wote. Au tumia mjazo mwembamba wa kalamu ya wino uliotolewa kwenye ganda lake. Mimi ninayo nusu penseli niliyoipasua kwa kisu zamani, imebaki fupi kama kidole kidogo, na bado sijapata kifaa kizuri kuliko hicho kwa kuchora umbo. Hata hivyo urefu nauchukua kwa ukuta na boksi, kisha nauandika juu ya mchoro ule ule. Ukiona mchoro na namba vinapishana, namba ndiyo inayoshinda.

Hatua ya 5: Upana na mizunguko

Upana una mitego yake, kwa sababu fundo la kidole gumba na fundo la kidole cha mwisho hazikai kwenye mstari mmoja. La kidole cha mwisho liko nyuma zaidi. Kuna wanaopima umbali wa mshazari kati ya mafundo hayo mawili, na kuna wanaopima upana wima, yaani unaokata mhimili wa mguu kwa pembe mraba. Vyote viwili huitwa upana. Chukua mguu wenye upana wima wa milimita 96, fundo moja likiwa nyuma ya jingine kwa milimita 25: mshazari utakuwa kama 99. Milimita 3 zimetokana na maana ya neno tu. Chagua moja, na uandike ni upi.

Kifaa kizuri cha upana ni kalipa kubwa ya kutelezesha, yaani rula yenye taya mbili zinazobana kitu kinachopimwa. Usipokuwa nayo, tumia maboksi mawili, moja kila upande, kama ulivyofanya kwenye urefu.

Mizunguko inataka futi kamba. Ile ya fundi cherehani inafaa, ila iliyotumika sana hurefuka, hivyo ilinganishe na rula ya chuma mara kwa mara. Kwa mzunguko wa mbele, ipitishe juu ya mafundo yote mawili na chini ya unyayo, ikiwa imelala bila kujikunja. Kwa mgongo wa mguu, ipite sehemu ya juu kabisa kabla ya mguu kuanza kupanda kuelekea kifundo. Ukali wa kuvuta ndio unaotofautisha wapimaji. Kanuni yangu: kamba iguse ngozi pande zote, na bado iweze kuteleza ukiivuta kwa ncha ya kidole. Ikiacha alama kwenye ngozi, umebana. Tia alama ndogo ya kalamu juu ya mafundo kabla ya kuanza, ili ukirudia kamba ipite njia ile ile.

Hatua ya 6: Kifaa cha duka la viatu

Kile chuma bapa chenye kikombe cha kisigino na visukumo viwili kinaitwa Brannock, kwa jina la Charles Brannock wa Syracuse, jimbo la New York, aliyekibuni miaka ya 1920. Kabla yake maduka yalitumia vijiti vya mbao vyenye kisukumo. Uzuri wa kifaa cha Brannock ni kwamba kinachukua vipimo vitatu kwa mara moja: kisigino hadi kidole, kisigino hadi fundo la kidole gumba, na upana. Ukikitumia, soma namba zote mbili za urefu na uchukue iliyo kubwa kati ya saizi hizo. Wauzaji wengi husoma ya kidole tu, na mtu mwenye vidole vifupi hupewa kiatu kinachokunjika nyuma ya fundo lake.

Udhaifu wake ni kwamba kinatoa saizi badala ya milimita, kwa hiyo ni vigumu kukilinganisha moja kwa moja na njia nyingine. Ukitaka kulinganisha, weka rula kando ya kifaa na usome umbali halisi kutoka kwenye kikombe cha kisigino.

Kulikuwa na kifaa kingine dukani, na nakitaja kwa sababu kinaonyesha watu walikokuwa tayari kufika. Kuanzia miaka ya 1920 maduka ya Marekani na Ulaya yaliweka mashine za eksirei ambamo mteja aliingiza miguu ikiwa ndani ya viatu, akachungulia mifupa yake. Watoto walizipenda. Mionzi ilimpiga mteja na muuzaji, na jimbo la Pennsylvania lilizipiga marufuku mwaka 1957, mengine yakafuata. Mashine zile hazikutoa hata namba. Zilionyesha picha, na uamuzi ukabaki kwa jicho la muuzaji.

Hatua ya 7: Picha ya simu na skana

Programu za simu zinakutaka usimame kwenye karatasi ya A4, upige picha, nayo ihesabu. Karatasi hiyo ina milimita 210 kwa 297, na kamera inaitumia kama kipimo cha kulinganishia. Wazo ni zuri, lakini mguu hauko bapa kama karatasi. Kila sehemu iliyo juu ya karatasi iko karibu zaidi na kamera, hivyo inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Simu ikiwa milimita 600 juu ya sakafu, na ukingo mpana wa mguu ukiwa milimita 20 juu ya karatasi, upana wa milimita 100 utasomeka 103 na kitu. Ipandishe simu hadi milimita 1,200 na kosa linashuka chini ya 2. Kwa hiyo piga kutoka juu zaidi, simu ikiwa bapa kabisa, katikati ya picha ikiwa katikati ya mguu. Usijipige mwenyewe ukiwa umeinama, kwa sababu ndiyo ile habari ya uzito kuhamia mbele. Mwite mtu akupigie.

Mwenye mguu unaozidi milimita 297 ataifunika karatasi kwa urefu. Aunganishe karatasi mbili, apime urefu wake mpya kwa rula, auingize huo kama programu inaruhusu.

Skana ya pande tatu, ile unayokanyaga kioo na mwanga ukakuzunguka, inapata umbo zima, mizunguko ikiwemo, na inasoma kwa sehemu ya milimita. Wengi huichukua kuwa hakimu wa mwisho. Mimi naipa heshima yake, lakini nakumbusha kwamba mashine haijui fundo liko wapi. Programu yake inakisia kwa umbo, na programu mbili zinaweza kukisia tofauti. Mtu akiyumba wakati wa kuskaniwa, namba inayumba naye. Mskani mara tatu, akishuka na kupanda upya kila mara.

Unyayo wa wino, au wa maji kwenye kadibodi, nautumia kwa jambo moja tu: tao. Alama ile inaonyesha sehemu inayogusa sakafu, kwa hiyo daima ni fupi kuliko mguu wenyewe, na anayechukua urefu kutoka hapo anajidanganya. Lakini kwa tao ina hesabu nzuri iliyotolewa na watafiti Cavanagh na Rodgers mwaka 1987. Ondoa vidole, gawanya urefu wa alama iliyobaki mara tatu, chukua eneo la theluthi ya katikati ugawanye kwa eneo lote. Ukipata 0.21 au chini, tao ni la juu, 0.26 au zaidi, unyayo ni bapa. Karatasi ya miraba ya hesabu inatosha kuhesabia eneo.

Hatua ya 8: Zilinganishe njia kwa haki

Hapa ndipo naomba uvumilivu wa msomaji, kwa sababu ndipo watu wengi makini wanapojikwaa.

Anza na swali dogo: je, njia moja inakubaliana na nafsi yake? Pima mguu, mtu ashuke, atembee hatua chache, arudi, upime tena bila kutazama namba ya kwanza. Fanya hivyo kwa watu kadhaa. Tuseme watu watano wamekupa tofauti za milimita 1, 0, 2, 1 na 1 kati ya mara ya kwanza na ya pili. Zidisha kila moja kwa yenyewe: 1, 0, 4, 1, 1. Jumla 7. Gawanya kwa mara mbili ya idadi ya watu, yaani 10, upate 0.7. Kipeuo chake cha pili ni kama 0.84. Hilo ndilo kosa la kupima la njia hiyo mikononi mwako, kwa milimita. Rudia na mpimaji mwingine. Njia inayoyumba yenyewe haiwezi kukubaliana na nyingine yoyote, na hapo hakuna haja ya kuendelea nayo.

Kisha linganisha njia mbili kwenye miguu ile ile, siku ile ile, ukibadilisha utaratibu: nusu ya watu waanze na njia ya kwanza, nusu na ya pili. Chukua mguu mmoja tu kwa kila mtu. Miguu miwili ya mtu mmoja ni ndugu, na ukiihesabu kama watu wawili utajiona una ushahidi mwingi kuliko ulio nao.

Chukua mfano huu wa miguu mitano. Kwa boksi: 241, 248, 255, 262, 270. Kwa penseli nzima: 246, 251, 262, 266, 277. Ukikokotoa mgawo wa uhusiano, namba inayoonyesha jinsi orodha mbili zinavyopanda pamoja, 1 ikiwa ni kupanda pamoja kikamilifu, utapata 0.99, na wengi wangefurahi na kutangaza kwamba njia hizi zinalingana. Hazilingani. Uhusiano mkubwa unasema tu kwamba mguu mkubwa kwa njia moja ni mkubwa kwa nyingine, jambo ambalo hata jicho tupu linalijua. Wanatakwimu Bland na Altman walilieleza hili mwaka 1986 katika jarida la The Lancet, na njia yao ndiyo ninayoitumia.

Toa: penseli kutoa boksi. Unapata 5, 3, 7, 4, 7. Wastani ni 5.2. Huo ndio upendeleo: penseli inarefusha kwa zaidi kidogo ya milimita 5. Sasa tazama tofauti hizo zimetawanyika kiasi gani kuzunguka wastani. Kipimo cha mtawanyiko huo, kinachoitwa mchepuko wa kawaida, kinatoka kama 1.8. Kizidishe kwa 1.96, namba inayotumika kukusanya kama 95 kati ya kila 100, upate 3.5. Kwa hiyo kwa miguu kama 95 kati ya 100, penseli inatarajiwa kuzidisha kati ya milimita 1.7 na 8.7.

Soma namba hizo mbili kwa utulivu. Upendeleo unatibika: toa 5 kwenye kila kipimo cha penseli. Mtawanyiko hautibiki. Hata baada ya kutoa 5, mguu huu unaweza kuwa umezidishwa 3 na ule umepunguzwa 3, na hutajua upi ni upi. Upana wa mtawanyiko ni milimita 7, saizi nzima. Ukifanya zoezi lile lile kwa penseli iliyopasuliwa, linganisha mtawanyiko na mtawanyiko, kwa sababu hapo ndipo utakapojua kama umepata kifaa kipya au umesogeza tu kosa kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Watu watano wanatosha kujifunza hesabu. Kuamua kweli kuhusu njia, pata angalau thelathini, wenye miguu midogo na mikubwa, myembamba na mipana. Chora tofauti dhidi ya ukubwa wa mguu. Kama tofauti zinapanda kadiri mguu unavyokuwa mkubwa, kutoa namba moja kwa wote hakutafaa.

Kikomo unakiweka wewe kabla ya kuanza. Kwa ndala za wazi naridhika na milimita 4 huku na huku. Kwa kiatu cha kufunga, 2. Kwa mtu mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni, siruhusu ulegevu hata kidogo, kwa sababu huyo hatakwambia kiatu kinambana; kidonda ndicho kitakachosema.

Hatua ya 9: Kutoka milimita hadi saizi

Saizi za Ulaya zinahesabu urefu wa kalibu, ambao ni mguu pamoja na nafasi ya mbele. Mguu wa sentimita 26.5 ukiongeza nafasi ya 1.5 unakuwa 28. Zidisha kwa 1.5, unapata 42. Za Uingereza zinapanda kwa punje ya shayiri, theluthi moja ya inchi, kama milimita 8.47. Kwa kuwa hatua hizo hazilingani, majedwali ya kubadilisha saizi hukadiria, na kila mtengenezaji anaacha nafasi yake. Mfumo unaotaja mguu wenyewe ni Mondopoint, uliowekwa katika kiwango cha ISO 9407: urefu na upana wa mguu kwa milimita, kwa mfano 270/104. Ukipata kiatu kilichoandikwa hivyo, linganisha moja kwa moja na karatasi yako.

Hatua ya 10: Andika kadi

Kadi ya mteja wangu inasomeka hivi: "Kulia 263, kushoto 260. Kisigino hadi fundo, kulia 191, kushoto 190. Upana wima 98, 97. Mzunguko wa mbele 246, 244. Amesimama, uzito sawa, jioni, bila soksi. Ukuta na boksi. Futi kamba iliyokaguliwa. Mara tatu, namba ya kati." Chini naweka tarehe na herufi za mpimaji. Kwa mtoto naongeza umri kwa miezi, na kadi inarudi mezani kila baada ya miezi miwili au mitatu, ukuta ule ule, boksi lile lile, ili milimita zikiongezeka nijue ni mguu uliokua.